Magari ya umeme Lubumbashi: nani alienda kuyaona?

Ndugu zangu, Jumamosi wauzaji waliyaleta, wakaturuhusu kuendesha. Mimi ni wa taksi, kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mpaka mjini. Gari la umeme linaondoka kimya, hadi mama wa karanga aliruka pembeni na beseni lake! Lakini kwetu Katuba umeme unakatika usiku. Nitachaji wapi?

— Kaka, nami niliwauliza. Wakasema nifunge paneli za jua. Bei? Wakanipa kofia.

— Kobalti, madini ya kutengenezea betri, inachimbwa hapa Kongo, Kolwezi, sisi tunapewa kofia! Ila gari hilo halihitaji oili ya injini, na ukiachia pedali mota inarudisha umeme kwenye betri, breki zinadumu.

— Asante, mkubwa. Basi nianze na pikipiki ya umeme. Betri yake inachomoka, nitaichaji mjini.