Wana wa Kukhu (nyanya yetu): Kambi Elgon ⛺

*Jumamosi*

Senge (shangazi) Nafula 05:48
Amkeni! Maji ya chai yako motoni. Leo ni siku yetu ya kupumzika kwa hivyo tusichelewe. Saa moja chai. Saa mbili tuko njiani kwenda pango la Kitum. Saa sita nyama. Saa tisa picha ya familia, fulana za kijani WOTE.

Senge Nafula 06:30
Naona mmesoma.

Wekesa 07:12
Siku ya kupumzika inaanza saa kumi na mbili kasoro?

Senge Nafula 07:12
Wewe niko hatua tatu kutoka hema lako. Toka.

Mama Ian 07:20
Hii baridi jameni. Ian amelala na soksi mikononi.

Senge Nafula 07:21
Askari wa wanyamapori (KWS) wa kutusindikiza anataka idadi. Ada yake tutagawana. Nakili, ongeza jina lako:
1. Nafula
2.

Wekesa 07:26
1. Nafula
2. Nyani aliyetoka kwa hema langu sasa hivi na mkate mzima

Mama Ian 07:27
😂😂😂 Ule wa siagi?

Wekesa 07:27
Ule wa siagi. Amekaa juu ya boneti anakula akiniangalia. Mbega wako juu ya miti huko, wapole, hawana haja na mtu. Huyu wa chini ndiye jambazi.

Senge Nafula 07:29
IDADI tafadhali. Na nani ana mkaa? Simiyu ulisema mkaa ni wako. Simiyu?

Mama Ian 07:41
Senge, kabla ya ada ya askari, tupewe kwanza hesabu ya mchango wa Kakamega.

Senge Nafula 07:41
Mama Ian tusianze.

Mama Ian 07:42
Hatuanzi. Haikuisha.

Senge Nafula 07:43
Hema ulilolalia usiku kucha ndilo hesabu ya Kakamega.

Mama Ian 07:43
Hema la watu wawili? Na tulichanga watu kumi na mmoja?

*Ujumbe huu umefutwa*

Wekesa 07:50
Nimesoma kabla ufute, Senge 👀

Baba Ian 08:15
Habari za asubuhi kutoka Eldoret. Ian anauliza kwa simu kama ni kweli ndovu huingia pangoni.

Senge Nafula 08:16
Kweli kabisa. Wanaingia usiku, giza totoro, wanapapasa njia kwa mikonga, wanakwangua ukuta kwa pembe wapate chumvi. Mikwaruzo iko hapo utaigusa kwa mkono.

Baba Ian 08:19
Asiguse kitu. Hilo ndilo la popo. 1980 na 1987 kuna watu waliougua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, wakafa, na wote walikuwa wamepita Kitum.

Senge Nafula 08:20
Baba Ian hiyo ni zamani. Watalii wanaingia.

Baba Ian 08:20
Zamani, ndiyo. Lakini popo hawajahama.

Wekesa 08:24
Mimi sina shida na pango wala kilele. Koitobos ni mita 4,222, mwacheni akae juu, nami nikae kwa blanketi.

Senge Nafula 08:25
Tumetoka Kisumu tuje kulala???

Mama Ian 08:25
Ndiyo.

Kukhu 08:52
🎤 Ujumbe wa sauti (1:37)

Wekesa 09:04
Kwa wasio na bando, Kukhu anasema hivi:
"Nafula. Jana saa tisa nilikuwa nimekaa nje hapa Endebess. Nikaona gari la Wekesa linapita, magodoro juu. Nikasimama. Nikasema wameenda kugeuza. Nikaweka chai. Chai ikakaa mpaka ikafanya utando. Sasa nasikia mnaongea pango. Babu yenu alijua mapango ya mlima huo yote na hakuna siku alitupeleka kwa hilo la popo. Watoto wasiingie. Kesho nawangoja hapa. Na mambo ya pesa msiongelee mbele ya watoto."

Mama Ian 09:40
Kukhu tusamehe 🙏🏾

Baba Ian 09:41
🙏🏾

Wekesa 09:41
Senge ndiye alisema tusisimame, tutachelewa lango la Chorlim.

Senge Nafula 10:15
Sawa. Watoto wanabaki kambini. Watu wazima wanaotaka pango tuondoke saa tano. Kesho saa nne asubuhi tuko kwa Kukhu, nitabeba sukari na majani. Nakili:
1. Nafula
2.

Mama Ian 10:31
Wa kesho au wa pango?

Senge Nafula 10:32
Zote mbili!

Simiyu 13:06
Nimeona simu sasa. Mkaa ninao, gunia zima. Bado niko Kisumu lakini. Mnauhitaji?

Senge Nafula 13:07
Simiyu 😡 nyama inachomwa na kuni mbichi, moshi mpaka kwa macho ya watoto.

Simiyu 13:09
Na ile hesabu ya Kakamega ilifika wapi?

Kukhu 14:20
🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Mama Ian 14:22
Anauliza mtakuja wangapi, achinje kuku mmoja au wawili.

Senge Nafula 14:23
Jibuni Kukhu!

Mama Ian 14:58
Lakini tutateremka na gari gani? Wekesa si anarudi kazini leo jioni?

Senge Nafula 14:58
Wekesa??

Senge Nafula 15:30
Wekesa toka kwa hema.