Sauti inakatika kwenye michezo ya PlayStation: Raspberry Pi 3 B+ imezidiwa?

Swali
Wataalamu, naomba msaada wenu. Nimeweka RetroPie, programu ya kuchezea michezo ya mashine za zamani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 B+ na kuiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Michezo ya Super Nintendo inakwenda vizuri, lakini nikifungua ya PlayStation ya kwanza, niliyoinakili kutoka kwenye CD zangu za zamani, sauti inakatikakatika na alama ya radi ya njano hutokea pembeni mwa skrini. Natumia chaja ya simu ya ampea 2. Je, kifaa kimezidiwa, au kuna mahali nimekosea kupanga?

Jibu la kwanza
Ndugu, kifaa hakijazidiwa. Hiyo radi hutokea umeme unaposhuka chini ya volti 4.63 hivi, na hapo kompyuta hujipunguzia kasi. Chaja yako huenda imeandikwa volti 5, lakini waya mwembamba hula sehemu ya umeme njiani, na ndiyo sababu chaja rasmi ya Pi hiyo hutoa volti 5.1 na ampea 2.5. Kabla hujatoa fedha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike vcgencmd get_throttled: ikijibu 0x0, umeme haujashuka tangu uiwashe, ikijibu 0x50000, ulishuka na kasi ikapunguzwa, ikiishia na 5, tatizo linaendelea wakati huohuo.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, ila nina nyongeza. Kama CD zako ni za toleo la Ulaya, ziliandaliwa kwa televisheni za PAL, yaani picha 50 kwa sekunde, ilhali HDMI yako huenda inatoa 60. Kwa hiyo hata umeme ukitengemaa, picha itarukaruka kidogo, na huo si ubovu. Hakikisha pia faili la BIOS, yaani programu ya kuwashia ya PlayStation yenyewe, limo kwenye folda yake, kwa sababu bila hilo emuleta (programu inayoiga PlayStation) hutumia mbadala wake, na baadhi ya michezo hugoma. Tena usiizime kwa kuchomoa waya. Kadi nyingi za kumbukumbu huharibikia hapo.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Amri ilijibu 0x50005. Nimeazima kwa jirani chaja ya ampea 2.5 yenye waya mfupi, na tangu jana jioni sauti imetulia na radi haijaonekana. Picha bado inaruka kwenye mchezo mmoja wa magari, na nilipogeuza CD yake nikakuta imeandikwa PAL.