Mjadala: Uingereza ina haki ya kuuza kambi za jeshi zilizozidi?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitangaza kufunga maeneo 91 ya jeshi, zikiwemo kambi kongwe, na ardhi nyingi ijengwe nyumba. Naunga mkono. Jeshi limepungua, majengo mengine ni ya enzi za Malkia Victoria, kuyatunza ni kumwaga hela. Sisi tunaoishi huku na kulipa kodi, mnaonaje? Na wanajeshi wasilie sana, wao na familia zao wanakaa bure.

Kisauni: Nyumba za nani? Kambi ya Chelsea pale London iliuzwa 2007 kwa karibu pauni bilioni moja, kampuni ya serikali ya Qatar ikiwa mnunuzi mkubwa. Nenda leo ukatafute muuguzi au dereva wa basi aliyemudu kununua pale.

Mke wa Koplo: Nimekwama hapo kwenye "wanakaa bure". Nani kakwambia? Kodi ya nyumba inakatwa kwenye mshahara wa mume wangu kabla haujafika benki. Nyumba yetu ya kwanza, chumba cha watoto kilikuwa na ukungu mweusi toka chini ya dirisha hadi sakafuni. Nilivuta kitanda katikati ya chumba, na kila asubuhi nafuta maji dirishani kwa taulo. Fundi alikuja, akapiga picha, akaondoka.

Mleta mada: Pole dada. Lakini ungepanga kwa mtu binafsi ungelipa zaidi.

Mke wa Koplo: Kwa mtu binafsi ningehama. Hapa tunapangiwa nyumba, na mume hayupo miezi mitatu. Usinipe pole, ondoa kauli yako.

Mwalimu wa Thika: Dada ana haki ya kukasirika. Mwaka 1996 serikali ya John Major iliiuzia kampuni ya Annington nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikazikodi zilezile, na matengenezo yakabaki juu ya wizara. Januari 2025 wamezinunua tena 36,347 kwa karibu bilioni 6. Mlipa kodi kapata nini hapo?

Mleta mada: Unachanganya mambo. Mada ni kambi, si nyumba za familia.

Kisauni: Vinatenganishwaje? Kambi ya Howe, Canterbury, ilipofungwa, nyumba za familia zilirudi mikononi mwa hiyo kampuni. Halmashauri ya Canterbury ilizitaka kwa watu wake, Redbridge ya London ikaipiku ikazikodi. Wenyeji wakabaki kwenye foleni.

Mwalimu wa Thika: Mbona kwetu iliwezekana? Kambi ya Templer pale Kahawa, karibu na Nairobi, Waingereza waliikabidhi serikali ya Kenya mwaka 1965, ikawa Kenyatta College, leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mimi nimesoma pale. Haikupigwa mnada.

Mleta mada: Kwa hiyo unawasifu wakoloni kwa kurudisha ardhi ambayo haikuwa yao?

Mwalimu wa Thika: Wapi nimewasifu? Soma vizuri, bwana. Nimesema ardhi ya umma ilibaki ya umma, na watoto wa wakulima wakasoma. Usinitie maneno mdomoni.

Kisauni: Hata hivyo Kahawa si mfano mzuri. Pale jeshi la kigeni lilikuwa linafungasha. Huku serikali inauza mali ya watu wake.

Mke wa Koplo: Mmeshahamia Kahawa, na hakuna aliyegusa hizi nyumba 36,347. Zimerudi serikalini, lakini ukungu haukauki kwa hati ya umiliki. Zitengenezwe. Na mume wangu akimaliza mkataba, tutatoka kwenye nyumba ya jeshi kutafuta pa kupanga kama wengine. Kambi ikiuzwa, mkataba wa mauzo useme wazi kwamba sehemu ya nyumba itakuwa ya halmashauri, kwa kodi ambayo koplo mstaafu anaiweza. Likiandikwa hilo, uzeni. Lisipoandikwa, mimi napinga.