Tupeane uzoefu: chumvi kwenye tangi la samaki na uzazi wa konokono

Mfugaji wa Nansana

Wenzangu wa samaki wa mapambo, ninafungua mada hii kwa sababu nimewapoteza karibu konokono wangu wote, na nilipotafuta chanzo nikakuta ni mkono wangu mwenyewe. Samaki walikuwa wamepata ugonjwa wa madoadoa meupe, na muuzaji mmoja akanishauri nitie gramu 3 za chumvi kwa kila lita ya maji. Tangi langu ni la lita 60, kwa hiyo nilipima gramu 180, nikaziyeyusha kwenye ndoo na kuzimimina kidogo kidogo kwa siku mbili, na madoadoa yakaisha kweli.

Kosa lilikuja baadaye. Kila wiki maji yalipopungua kwa lita 5 hivi, niliongeza mengine niliyoyatia chumvi kwa kipimo kile kile, nikidhani kwamba chumvi nayo imeondoka na mvuke. Maji huruka, chumvi hubaki. Baada ya wiki nane nilikuwa nimeongeza gramu 120 juu ya zile 180, maana yake tangi lilikuwa na gramu 5 kwa lita bila mimi kujua. Wale konokono bapa wekundu walipanda kioo hadi juu ya maji, wakajipanga ukingoni kama vifungo vya shati, na mmoja mmoja wakaanza kudondoka. Mayai yao, ambayo kwa kawaida huonekana kama kibandiko cha ute chenye vidoa vinavyokua kila siku, yaligeuka meupe na kuchafuka kama maji ya mchele. Nani mwingine yamemfika, na aliwarudishaje konokono wake?

Mama wa Matangi, Jinja

Pole sana, ndugu. Hao bapa hawana kifuniko cha kuziba mlango wa gamba, kwa hiyo maji yakiharibika hawana pa kujifungia. Wangu wale wembamba wenye gamba lililochongoka kama parafujo, wanaojichimbia mchangani mchana, walivumilia chumvi ya namna hiyo bila hata mmoja kufa, na wanaendelea kuzaa watoto wakiwa hai pasipo kuhitaji dume. Usishangae basi ukiona kundi moja limekwisha na lingine limejaa tele.

Ila ninaomba jambo moja, kwa kuwa najua atakayesoma hapa atafikiria kushuka ziwani kuokota konokono wengine wa bure. Mwanangu alifanya hivyo, akaleta konokono bapa wa kahawia kwenye kopo la majarini, na mimi nikaingiza mkono tangini kama kawaida hadi jirani mmoja muuguzi aliponikemea. Jamii hiyo ya konokono bapa wa Ziwa Victoria ndiyo inayobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu akiwa majini. Konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi lako hana kimelea hicho, kwa kuwa hakirithiwi kupitia mayai. Huambukizwa na maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Anza na mayai au na watoto wa konokono wa mwenzako, usianze na ufuko.

Mzee wa Kasese

Mimi nilikosea kwa njia ya kwetu. Nikiwa jirani na Ziwa Katwe, ziwa la chumvi la hapa Uganda, niliona hakuna haja ya kununua chumvi ya pakiti wakati ya mawe imejaa sokoni, nikaponda kipande na kukitia tangini. Nilisahau kwamba ziwa lile halina chumvi ya mezani peke yake. Lina pia magadi na salfeti, na maji yake ni makali kiasi kwamba samaki hawaishi humo. Samaki wangu walianza kutweta juu ya maji jioni ile ile, na konokono wote wakajifungia. Niliwahamishia kwenye beseni la maji ya mvua yaliyochanganywa na ya bomba, wakafunguka siku ya pili isipokuwa wanne. Tangu hapo, samaki akiugua ninamtoa yeye na kumtibia kwenye ndoo, na tangi la konokono halionji chumvi kabisa.

Fundi wa Tororo

Wengi hutia chumvi wakidhani inaimarisha gamba, na hapa ndipo ninapotaka kubishana kidogo na wauzaji wetu. Gamba hujengwa kwa kalisi, na chumvi ya jikoni haina kalisi ya maana. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Kampala, ni laini, na konokono wanaoishi humo bila nyongeza huonyesha mabaka meupe yaliyolika kwenye kilele cha gamba. Mimi huweka vipande vya mawe ya chokaa ya hapa kwetu ndani ya chujio. Rafiki yangu wa Mukono hutumia yale makombe ya ziwani yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, baada ya kuyachemsha. Maganda ya mayai yaliyopondwa pia yanafaa, ingawa huchelewa kuyeyuka.

Binti wa Muyenga

Ninafuga wale wakubwa wa rangi ya dhahabu, ambao wana dume na jike. Jike hupanda usiku na kubandika mayai juu ya maji, chini ya kifuniko, kishada cha waridi kinachofanana na kigunzi kifupi cha mahindi. Acheni nafasi ya upana wa kiganja kati ya maji na kifuniko, kwa sababu kishada kikitumbukia, vijusi huzama na kufa. Changu hukaa takriban wiki tatu kabla ya kuanguliwa. Watoto wakizidi, wapeni wenzenu au wagandisheni, msiwamwage kwenye mfereji: mwaka 2020 ndugu wa konokono hawa waligunduliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na sisi Uganda tuna mashamba ya mpunga ya Doho.

Mfugaji wa Nansana

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha nusu ya maji mara tatu, siku mbili mbili, na kwa hesabu yangu zimebaki gramu 37 hivi katika lita 60. Walionusurika ni watano. Leo asubuhi nimekuta kibandiko kipya cha ute nyuma ya chujio, chenye vidoa kumi na vinne, na nimekizungushia kalamu ya wino kwenye kioo ili nisikipanguse nikisafisha. Mzee wa Kasese, hiyo ndoo yako ya kutibia ni ya lita ngapi, na unaitia hewa kwa namna gani umeme unapokatika?