Huyu "mtaalamu wa klaudi" wa hapa Mwanza leo kanimaliza!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa mtayasoma hivyohivyo.

Jina simtaji. Mwanza nzima mnamjua, yule wa begi mgongoni na miwani ya jua hata saa mbili usiku. Kaniambia picha za bidhaa zimejaza seva, tuzihamishie Amazon S3, ghala la mafaili la mtandaoni, "mambo ya kisasa mzee wangu". Kahamisha, zikafunguka zote, nikamlipa na soda juu.

Leo niko Mwaloni Kirumba, mteja wa Lubumbashi anataka kuona dagaa wamekaushwa kwenye chanja au mchangani. Namwambia ingia kwenye mfumo uangalie. Kimya. Naingia mwenyewe: vijisanduku vitupu tu. Sato hakuna, dagaa hakuna. Nampigia jamaa, nimeweka spika, soko zima linasikia, ananijibu: "Picha zako zipo salama kabisa mzee. Ila huna ruhusa ya kuziona."

MIMI! Sina ruhusa! Dagaa wangu! Niliowapiga picha nimechuchumaa juani mpaka simu ikanuka shombo!

Mama mmoja kacheka hadi katua ndoo chini. Sasa kila nikipita: "Mzee, hapa una ruhusa?"

Eti huna ruhusa. HUNA RUHUSA!

Jongoo wa Igogo: Pole mkuu. Spika uliweka ya nini sasa?

Kokoto: Kabandika linki za muda kwenye databesi. Zile hazivuki siku 7, zikiisha S3 inakurushia 403, yaani "huna ruhusa". Ilitakiwa ahifadhi jina la faili tu, linki itengenezwe upya kila mtu anapofungua ukurasa. Kazi ya nusu saa.

Mleta mada: Kokoto sijaelewa kitu, ila hiyo nusu saa ndiyo anaitakia laki mbili nyingine?!

Mama Saluni Nyakato: Huyohuyo! Zangu zinafunguka ila zimelala ubavu. Wateja wanachagua msuko shingo imepinda.

Kokoto: Dada, hapo kapunguza ukubwa wa picha akafuta taarifa za EXIF, ndizo zinazosema simu ilishikwaje.

Mama Saluni Nyakato: Sawa, na shingo za wateja nani atazinyoosha?

Mvuvi Ukerewe: Nyie mnalilia picha. Fundi injini alikula hela yangu kabla ya Pasaka, mashine iko vipandevipande chini ya mwembe, kuku anatagia kwenye kava.

Jongoo wa Igogo: Siyo yule wa kofia nyekundu?

Mvuvi Ukerewe: Ndiye!!

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Yaani mtu anakwambia huna ruh

Jongoo wa Igogo: Mkuu subiri kwanza. Ukerewe, na mimi nilimpa pampu.

Mama Saluni Nyakato: Wa kofia nyekundu yupo hai?? Ana jenereta langu!

Mvuvi Ukerewe: Dada, jioni huwa kivukoni Kamanga anakula sato. Nenda na mtu mwenye nguvu.