Familia ya Ngamiani: magoti ya Mama

IJUMAA

19:04 Dada Rehema: Assalaam alaykum wote. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho. Nimetoka kwa Mama sasa hivi. Magharibi ameswali ameshika ukuta. Kuinuka kwenye sijda imebidi Zainabu amshike makwapani. Na bado anasema "si kitu, ni baridi tu". Baridi ya wapi Tanga hii?

19:06 Dada Rehema: Nimepanga hivi. Kila mtoto 150,000, wajukuu wenye kazi 50,000. Tumpeleke Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akabadilishwe goti la kulia. Michango mtume namba yangu ile ile.

19:31 Dada Rehema: Tiki za bluu naziona jamani.

19:40 Hamza: Waalaykum salaam. Nlikuwa barabarani dada, na abiria. Pole yake Mama. Ila hiyo "namba ile ile" ndiyo iliyomeza michango ya bati? 😂

19:41 Dada Rehema: Hamza usianze.

19:42 Hamza: Natania jamani

19:58 Kaka Omari: Wewe unatania, mimi sitanii. Hesabu ya bati sisi wa Dar hatujaiona mpaka leo.

20:01 Dada Rehema: Omari, Mama hawezi kuinuka wewe unaleta bati. Risiti zote alikuwa nazo marehemu Baba na unajua ziliishia wapi.

20:03 Kaka Omari: Ujumbe huu umefutwa

20:03 Hamza: Nimeshausoma kaka 😂

20:10 Mama Nuru: _Umesambazwa mara nyingi_
MAUMIVU YA MAGOTI KWAHERI!! Loweka bamia 7 usiku, kunywa maji yake asubuhi kabla hujala kitu. Ute ute wa magoti unarudi ndani ya siku 7. Tuma kwa ndugu 10, usikae nayo peke yako 🙏🏾

20:12 Hamza: Shemeji, Mama anakula bamia tangu mimi sijazaliwa. Ingekuwa hivyo leo angekuwa anacheza Coastal Union.

20:13 Mama Nuru: 😂😂 haya mie nimetuma tu

20:22 Asha Muheza: Samahanini, ndo natoka zamu. Dada, pole kwa kuhangaika. Bamia aendelee kula, ni chakula kizuri, lakini kinaenda tumboni, hakishuki gotini. Ute wa goti hautengenezwi na ute wa bamia.

20:25 Asha Muheza: Sasa tuongee la goti. Picha aliyopiga hospitali ya Bombo ilionyesha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika magoti yote mawili, la kulia zaidi. Aliandikiwa mazoezi kwa watu wa fizio. Alikwenda?

20:27 Dada Rehema: Alikwenda mara moja. Akasema wanamchezesha miguu kama mtoto mchanga, harudi.

20:33 Asha Muheza: Ndo hapo. Kubadilisha goti ni tiba nzuri kwa aliyefikia huko, siikatai. Lakini hata akibadilishwa kesho, atakachopewa baada ya kisu ni mazoezi hayo hayo. Misuli ya paja ndiyo inayobeba goti. Mama akikaa kwa kuogopa kuumia, paja linanywea, goti linaelemewa, maumivu yanazidi, anakaa zaidi. Aanze kidogo tu. Akae kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu mpaka 5, aushushe taratibu, kisha wa pili. Ataumia kidogo mwanzoni, hiyo haimaanishi goti linaharibika. Na uzito nao: kilo 1 inayopungua mwilini inampunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kila hatua.

20:35 Kaka Omari: Kwa hiyo tusichange?

20:36 Asha Muheza: Sijasema hivyo kaka. Kuna swali kabla ya pesa. Mama anameza nini cha maumivu? Msiniambie panadol. Nataka vyote, vya duka la dawa na vya kwingine.

20:38 Hamza: Kamuulize mwenyewe uone atakavyokutoa mbio na magoti hayo hayo

20:39 Kaka Omari: Alivyokukimbiza na mwiko mpaka Tangamano umesahau?

20:39 Hamza: Kaka ile ilikuwa kwa ajili YAKO. Vitumbua ulikula wewe

20:40 Mama Nuru: 😂😂😂 hii sijawahi kuisikia

20:41 Hamza: Shemeji mumeo huyo msimwone na tai

20:47 Asha Muheza: Jamani. Nimeuliza swali.

21:30 Dada Rehema: Jibuni Asha. Na michango mpaka sasa ni sifuri.

JUMAMOSI

06:15 Zainabu: Shikamooni. Mimi jana nliogopa kuandika. Mama anakunywa unga. Wa kijivu, unakuja kwenye vikaratasi, kuna mtu anauleta hapa nyumbani. Akinywa jioni, asubuhi anafua mwenyewe. Ukiisha, hata msalani namshika. Ameanza kabla ya Ramadhani. Na diklo za dukani, vile vidonge vya maumivu, anameza, pamoja na dawa zake za presha. Aliniapisha nisimwambie mtu.

06:19 Asha Muheza: Zainabu asante mwanangu. Niambie, uso wake ukoje siku hizi?

06:21 Zainabu: Umejaa. Watu wanasema kanenepa, kapendeza. Na akijigonga kidogo tu mkono unavilia damu.

06:34 Asha Muheza: Someni wote hii. Maumivu ya miaka hayaondoki usiku mmoja kwa mizizi. Unga wa namna hiyo mara nyingi unakutwa umetiwa dawa za steroidi, prednisoloni au deksamethasoni. Zinazima maumivu kweli, ndiyo maana watu wanazipenda. Lakini uso unavimba, ngozi inakuwa laini inavilia, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Mpaka apimwe siwezi kuapa kuwa ni hizo, ila dalili alizotaja Zainabu ndizo.

06:36 Asha Muheza: MSIMNYANG'ANYE UNGA GHAFLA. Mwili ukizoea steroidi za kunywa unaacha kutengeneza za kwake. Ukikata kwa siku moja mtu anaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, akaanguka. Kupunguza ni kazi ya daktari. Jumatatu aende hospitali, apimwe sukari, presha na figo, na kikaratasi cha unga kiende naye.

06:40 Asha Muheza: Diklo ndiyo aiache leo. Mama ana dawa mbili za presha, moja ni ile ya kumkojoza maji. Ukiziweka na diklo figo zinaumia. Na diklo na steroidi pamoja zinachoma tumbo. Akipata choo cheusi kama lami, au akitapika damu, hakuna kusubiri Jumatatu, ni saa hiyo hiyo.

06:52 Hamza: Sasa atakaaje na maumivu mpaka Jumatatu?

06:58 Asha Muheza: Parasetamoli za miligramu 500: mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Asichanganye na vidonge vya mafua, vingi vina parasetamoli ndani. Kitambaa cha maji ya moto gotini, si cha kumbabua. Ipo pia jeli ya diklofenaki ya kupaka, hiyo inaingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, tutamuuliza daktari. Na fimbo, kama atakubali.

07:01 Hamza: Fimbo ya Baba ipo kwangu. Ashike mkono gani?

07:02 Asha Muheza: Mkono wa upande wa mguu mzima. Goti baya ni la kulia, fimbo aishike kushoto. Watu wengi wanashika upande unaouma, haisaidii.

07:03 Hamza: Sawa. Naileta leo.

07:20 Dada Rehema: Nimesoma natetemeka. Huyo wa unga ni nani? Zainabu nipe jina, leo leo nakwenda polisi.

07:24 Kaka Omari: Zainabu umekaa na jambo hili miezi yote hiyo?

07:26 Kaka Omari: Na dada, wewe ndiye ulianza kumleta yule wa kuumika. Mama akatoka na malengelenge mgongoni. Leo polisi?

07:29 Dada Rehema: Mie nilimleta kwa sababu NIPO HAPA. Wewe ulileta nini? Simu ya Idi?

07:31 Kaka Omari: Mimi nauliza kitu kimoja. Picha ya kwanza na ya pili daktari alisema hazijatofautiana sana. Mbona maumivu yamezidi mara mbili? Ndiyo maana nikasema anazidisha.

07:45 Asha Muheza: Hazidishi. Hili naomba ulielewe kaka, tena na wewe Hamza. Picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Kuna mtu picha yake mbaya na anatembea, na mwingine picha yake nafuu na halali usiku. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo mishipa ya fahamu yenyewe inabadilika, inakuwa kama kengele ya mlango iliyoharibika, inalia hata kama hakuna aliyebisha. Kukosa usingizi kunayaongeza. Upweke unayaongeza. Tangu Baba aondoke Mama analala saa ngapi? Zainabu anajua.

07:47 Zainabu: Saa nane, saa tisa. Anakaa barazani.

07:51 Asha Muheza: Basi. Kuna dawa daktari anaweza kumpa kidogo usiku, amitriptilini. Kwa dozi kubwa inatibu sonona, kwa dozi ndogo inatuliza mishipa na kuleta usingizi. Kwa mzee inatolewa kwa uangalifu kwa sababu ya kizunguzungu. Nawaambia mapema, akipewa mtu asije akasema Mama kapewa dawa ya vichaa.

08:05 Mama Nuru: Na maji moto ya Amboni, kule Galanos? Wazee walikuwa wanakwenda kuoga magoti

08:09 Asha Muheza: Joto linalegeza viungo, atapata nafuu ya siku hiyo. Akienda asiende peke yake na asikae majini muda mrefu, ana presha. Lakini si badala ya Jumatatu.

08:10 Hamza: Mimi napeleka bure, bajaji ipo. Nani anakuja na chapati

08:11 Mama Nuru: Mie nipo Dar jamani mnanitamanisha

08:40 Mjomba Bakari: 🎤 Ujumbe wa sauti 3:47

08:58 Dada Rehema: Kwa walioko kazini, naandika alivyosema Mjomba, sijaongeza kitu:

"Nimewasoma tangu jana. Dada yangu akinipigia hunambia hajambo, na mimi hajambo yake naijua, ni ile ya mtu anayeuma meno. Mlimpeleka akapiga picha, mkaambiwa goti limelika, mkarudi majumbani kwenu. Akilalamika mnamwambia ni uzee. Omari ulimwambia hivyo mbele yangu, siku ya Idi, na niliona uso wake ulivyobadilika. Huyo mwenye unga alifanya jambo moja tu ambalo nyinyi hamkulifanya. Alikaa chini akamwuliza, bibi wapi panauma, panaumaje, na akamsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo akaaminiwa. Alichomwuzia ni shari, lakini mlango nyinyi mliuacha wazi. Miaka yote aliyokaa kwenye kigoda, magoti yamekunjwa, mbele ya chuma cha vitumbua pale Barabara ya 12, ndiyo iliyolipa ada zenu. Huyo mtoto Zainabu asigombezwe. Yeye ndiye anayemwinua. Na la sala: mwambieni ndugu yake amesema aswali kitini. Dini imeshasema, simama, ukishindwa kaa, ukishindwa lala ubavu. Anaona haya mbele ya wanawake wenziwe. Mwekeeni kiti. Halafu mkamwulize mwenyewe anataka nini, maana tangu jana sijaona hata mmoja aliyemwuliza. Basi."

09:30 Kaka Omari: Shikamoo Mjomba. Nimesikia.

09:31 Mjomba Bakari: Marahaba.

10:12 Kaka Omari: Zainabu nisamehe mdogo wangu. Nitampigia Mama leo jioni.

10:20 Dada Rehema: Haya. Jumatatu Bombo kwanza, Dar tutaiongelea baadaye. Mchango tupunguze, 60,000 kwa mtoto, ya vipimo na nauli na fizio. Kadi ya bima ya Mama iko hai?

10:21 Dada Rehema: Nauliza kadi ya bima.

11:05 Hamza: Mi nlidhani analipia Omari

11:40 Kaka Omari: Ilikuwa kwenye kadi ya Baba. Ngoja niangalie.

12:15 Idrisa Dodoma: Shikamooni wakubwa. Nlikuwa kwenye mtihani, nimesoma yote. Bibi pole. Boom la chuo likitoka naleta 20,000. Fizio ni mara ngapi kwa wiki? Nikija likizo nitakuwa nampeleka mimi, nitafanya naye mazoezi nyumbani asione anachezeshwa peke yake.

12:18 Asha Muheza: Mungu akubariki mwanangu. Watampangia wao, lakini ya nyumbani ni kila siku. Hayo ya nyumbani ndiyo yanayoponya.

12:19 Dada Rehema: Jumatatu nani anakaa naye foleni? Mie nina duka, naweza kuanzia saa tano.

12:50 Asha Muheza: Nipo zamu ya asubuhi, sitoki mpaka saa nane. Naandika karatasi ya dawa zake zote, Zainabu aibebe. Zainabu, leo kusanya kila kopo na kila kikaratasi, tia kwenye mfuko mmoja.

13:22 Zainabu: Nimekusanya. Fimbo imefika. Kiti cha plastiki nimekiweka kwenye mkeka wake, adhuhuri ameswali hapo, hakusema kitu.

13:24 Zainabu: Ila sasa anauliza nani amewaambia habari za unga.

13:25 Dada Rehema: Mwambie mimi. Nampigia.

13:26 Zainabu: Anasema hospitali atakwenda, Dar hataki kusikia. Na kama hao wa fizio ni wale wale, hakai.

13:31 Dada Rehema: Dar si ya leo. Hamza uko wapi? Jumatatu saa moja unamchukua?

14:10 Hamza: Saa moja nina watoto wa shule mpaka saa mbili na nusu. Baada ya hapo nipo, nitakaa naye mpaka dada afike.

14:11 Dada Rehema: Foleni saa hiyo itakuwa imeshajaa Hamza.

14:40 Dada Rehema: Omari, kadi.