Binti msomi kwenda monasteri: kikao cha ukoo kina sauti hapo?

Wadau, salaam. Jumapili tulikaa kikao Igoma kwa kaka yangu. Binti yake ana miaka 24, kamaliza shahada ya uhasibu, na anataka utawa. Si ule wa masista tunaopanda nao daladala za Buhongwa wakienda kufundisha. Hawa ni wa ndani: sala, kazi za mikono, ukimya, na geti halifunguliwi ovyo.

Shemeji yangu, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, hakulia. Alivuta ungo akawa anachambua mchanga kwenye dagaa, mmoja mmoja, mpaka vichwa vikaanza kukatika. Kisha akauliza: "Nikiumwa, utakuja?" Binti kimya. Mengine yaliyosemwa siku ile, ng'ombe wa mahari, "tumesomesha bure", mjomba kudai mtoto karogwa, kwangu ni makelele.

Msimamo wangu, mnipige mawe tu: kikao kina haki ya kuuliza, hakina haki ya kuzuia. Watu wanadhani akiingia leo, kesho kafungiwa. Sivyo. Papa Fransisko alitoa waraka kuhusu watawa wa ndani mwaka 2016, na maelekezo ya Vatikano ya 2018 yakaweka malezi ya mwanzo yasipungue miaka 9: mwaka wa kutazamana, mwaka wa upostulanti (hatua ya kuomba kujiunga), miaka 2 ya unovisi (mafunzo kabla ya nadhiri), miaka 5 ya nadhiri za muda. Mnovisi akishindwa anafunga begi anarudi Igoma. Uchumba gani hapa Mwanza unapewa miaka 9?

Ila maswali yaulizwe. Waraka ule ule umekataza kabisa kuchukua wasichana wa nchi nyingine ili tu monasteri isife, kwa hiyo tujue anakokwenda ni wapi na wamebaki wangapi humo. Halafu mkopo wa Bodi aliosomea chuo. Kanuni ya 644 ya sheria ya Kanisa inasema mwenye madeni asiyoweza kuyalipa asipokelewe unovisi. Hilo binti hakulijua. Nililisema mimi, akanitazama kama nimemsaliti. Kwa maoni yangu afanye kazi kwanza, alipe, ndipo aende. Mnasemaje?

Mama wa Kirumba: Baba mdogo, unaongea vizuri kwa kuwa si wewe unayeamka saa kumi kuwahi mzigo. Sista wa hospitali ukimwita msibani anakuja. Huyu je? Jibu swali la mama yake, acha hesabu za miaka.

Mtoto wa Bukumbi: Mama, sheria haijafunga kabisa. Kwa maelekezo yale ya 2018, mama mkuu mwenyewe anaweza kumruhusu mtawa kutoka, na zikizidi siku 15 apate kwanza ridhaa ya baraza lake. Na tusiseme wa ndani hawana kazi. Mtakatifu Theresia wa Lisieux, Mfaransa, aliingia Karmeli, monasteri ya watawa wa ndani, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo humo 1897. Mwaka 1927 akatangazwa msimamizi wa misheni sambamba na Fransisko Ksaveri aliyezunguka mpaka Asia. Sisi wa Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1883, tunajua misheni si miguu peke yake.

Mama wa Kirumba: Asante kwa kumtaja Theresia. Mwaka mmoja tu baada ya yeye kuingia, baba yake aliharibikiwa akili akalazwa hospitali mjini Caen miaka mitatu. Waliokaa karibu naye ni Céline na Léonie, dada zake Theresia waliokuwa bado nje. Hivyo mmoja anapoenda ndani kuna mwingine anabebeshwa. Huyo kwenye kikao chenu alikuwepo?

Mleta mada: Mama, hapo umenikamata. Hakuwepo, na hatukumwita. Binti ana mdogo mmoja tu, wa kiume, yuko Ukerewe kwenye mitumbwi ya dagaa. Jana usiku nimempigia, nikamweleza yote kuanzia mkopo mpaka ile miaka 9. Mtandao ulikuwa unakata, nikadhani hajasikia. Kumbe kasikia. Akaniuliza mara mbili: "Kwa hiyo ba'mdogo, wa kubaki na mama ni mimi?"